Mdomo Haukanyagi Mafuta

Papa Mwadi, mume wangu,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili, na mara mbili nimelikata. Si kwamba hukupendwa. Ulipendwa na watu wengi, nami nikiwa wa kwanza wao. Ila leo nina hasira na wewe, na mwalimu kama mimi hawezi kuwakataza watoto uongo siku nzima kisha jioni akauandika mwenyewe kwenye mstari wa kwanza. Barua hii haina bahasha. Jumapili ijayo, baada ya misa yako ya mwaka wa pili, familia yako itakuja hapa nyumbani kula bukari, ugali wetu, nami nitaisoma mbele yao wote, nikiwa nimesimama. Najua watanong'ona kwamba marehemu hasemwi. Wewe ulinisema nikiwa hai, nimeketi palepale, na hakuna aliyekunyamazisha.

Sitaki mengi. Nataka kulitoa jina langu kwenye mguu wa mtoto wetu. Kwa miaka kumi na miwili, kila watu wa kwenu wanapomwona Mwadi anachechemea uani, macho yao yananigeukia mimi. Mwadi mwenyewe, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, amekua akijua kwamba mdomo wa mama yake ndio uliomvunja. Wewe ndiwe uliyemfundisha hivyo, kwa sentensi moja, kisha ukaenda zako kaburini bila kuirudisha.

Nianze na ile ya chini, maana ndani yake ndimo nilimokupenda. Unakumbuka tulivyoyaita magari yetu mawili: ile ya chini, na ile ya viti saba. Ile ya chini ilikuwa nyeupe, ya watu watano, imelala karibu na ardhi kama paka anayenyemelea. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa ulinifundisha kuiendesha katika njia pana za mtaa wa Karavia, Jumapili baada ya misa, wakati wenye nyumba kubwa wako mezani. Nilikuwa nimekamata usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Ukacheka, ukanitenganisha vidole kimoja kimoja.

"Acha kuikaba. Hii haiko kuku ya Noeli."

Nilicheka hadi ikazimika katikati ya njia. Ile ya chini ilikuwa gari la kumpendeza mtu. Unaketi chini, miguu imenyooka mbele, na kila jiwe la barabara unalisikia matakoni. Unaona pua yake yote, kwa hiyo unajua gari linaanzia wapi na linaishia wapi. Ukigusa usukani, limeshageuka. Ukigusa breki, limeshasimama. Kwenye kona inakumbatia njia. Shida yake ni tumbo: kila tuta lililikwaruza, na masika yakianza, mashimo ya njia za Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, ulilazimika kuyajua kwa majina kama watoto wa darasa langu.

Shida ya pili ni kwamba inadanganya. Kwa kuwa ni nyepesi na inatii haraka, dereva anaanza kuamini kwamba hiyo haraka ni akili yake. Nimeyajua haya baada ya kuziendesha zote mbili. Zamani zile niliamini, kama wewe, kwamba wewe ni dereva hodari.

Sasa nieleze jambo ambalo wewe unalijua lakini padri na wageni wa Jumapili huenda hawajawahi kulifikiria. Magari mengi ya mji huu yanatoka Japani kupitia Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume. Lakini sisi barabarani tunapita kuume. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani, na abiria ndiye anayekaa upande wa katikati ya barabara. Ukiwa nyuma ya lori la shaba kwenye njia ya Likasi, dereva haoni mbele, anayeketi kushoto ndiye anayechungulia na kusema "pita" au "ngoya." Ndiyo maana kwetu kiti cha mbele cha kushoto ni kazi. Mke anakikalia na macho yake yote, hasinzii, hasukwi nywele, hasomi ujumbe kwenye simu. Mtu akigongana na gari jingine, swali la kwanza la watu ni moja: nani alikuwa ku gauche, kule kushoto?

Siku ile ku gauche nilikuwa mimi. Sijawahi kulikataa hilo.

Tulikuwa tunakwenda Likasi kumwona mama yako, asubuhi, jua zuri. Mwadi alikuwa na miaka mitano, ameketi nyuma peke yake. Katika ile ya chini mtoto wa miaka mitano akikaa nyuma haoni kitu ila migongo ya viti na kipande cha mbingu. Alikuwa analia njaa. Mbele yetu kulikuwa na lori, na wewe ulikuwa umeipeleka pua ya gari karibu kabisa na makalio yake, kama ulivyozoea, hata moshi ukawa unaingia ndani. Nilikuambia urudi nyuma kidogo. Hukurudi. Basi nikamenya yai, nikageuka nyuma, mwili mzima, nikamnyooshea Mwadi lile yai. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Niko tayari kuapa kwa hilo mbele ya altare.

Nikasikia injini inapandisha sauti. Ulitoka nyuma ya lori ili upite. Hukuniuliza, hukungoja, hukunitazama kuona kwamba nimekupa mgongo. Kulikuwa na gari dogo la mizigo linakuja. Ulirudisha usukani kuume, ile ya chini ikatii haraka kama kawaida yake, ikaacha lami, ikapiga kichuguu kwa ubavu. Mimi nilipasuka paji la uso. Wewe hukupata hata mchubuko. Mwadi mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili, na ulipounga, uliunga mfupi.

Jioni ile hospitalini wakaja watu wa kwenu. Dada yako mkubwa, Yaya Yumba, alisimama miguuni pa kitanda cha mtoto, mikono kiunoni, akauliza, "Ilikuwa namna gani?"

Ukatazama sakafu. Kisha ukasema, "Mama Mwadi njo alisema pita." Yaani ni mimi niliyesema.

Watu hawakushangaa hata kidogo. Walitikisa vichwa. Kwa nini wasiamini? Katika mji wetu uongo huo una miguu yake tayari, unatembea wenyewe. Ungesema nimekuloga ungehitaji ushahidi, lakini kusema kwamba mwanamke wa kiti cha kushoto alisema "pita" vibaya, nani atauliza zaidi? Yaya Yumba alinitazama bandeji usoni, akasema, "Mudomo ya bibi," yaani mdomo wa mke. Basi. Hukumu ikaisha, wakaenda kununua mikate.

Mimi nilinyamaza, na hapa hasira yangu inanirudia mwenyewe, kwa hiyo niiseme haraka. Nilinyamaza kwa sababu mbili. Kwanza nilikuona umeaibika mbele ya ndugu zako, nikasema moyoni, mwache aegemee hapa kwa siku moja, kesho atalisema sawasawa. Pili, nilikuwa nimegeuka nyuma. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mbele, naye alikuwa anamenya yai, hana pa kuanzia kujitetea. Nikaona labda kosa ni la wote wawili. Kesho ikafika, ukanywa chai. Kesho kutwa ikafika. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa lami tupu, miaka kumi na miwili bila shimo.

Fundi mmoja wa mtaa wa Kenya aliinyoosha ile ya chini, lakini tangu hapo ilikuwa inavuta kushoto, na baada ya mwaka ukaiuza. Ndipo ukaleta ile ya viti saba. Sifa ulizopata! Mtaa mzima ulisema huyo ndiye baba, amenunua gari la kukalisha familia salama. Uliwafungulia watoto wa jirani mlango wa kuteleza, wakaingia na kutoka kama nyuki. Mimi pia nilifurahi. Nilifungua mlango wa mbele, wa kushoto, nikakuta koti lako limekunjwa kitini.

"Keti nyuma na mutoto," ukasema. Hukunitazama.

Koti lile lilikaa pale miaka. Watu waliona na wakaelewa: Papa Mwadi hataki tena macho ya mke wake. Mimi nikawa abiria katika gari la mume wangu, safu ya pili, kama mgeni aliyeomba kushushwa njiani. Lakini kuna jambo ulilisahau, fundi wa uongo. Ile ya viti saba si kama ile ya chini. Viti vyake vya nyuma vimeinuka, na katikati ya viti viwili vya mbele kuna nafasi, kwa hiyo aliye nyuma anaona barabara yote kama aliye roshani ya kanisa. Nilikaa pale nikakuangalia ukiendesha. Hukukaribia tena makalio ya malori. Uliyaachia nafasi kubwa. Barabara ilipopinda kuume ulitazama kupitia ubavu wa kuume wa lori, ukaona mbali, ukahesabu moyoni, kisha ukapita. Bila macho ya mtu, bila mdomo wa mtu. Kumbe inawezekana! Kumbe ulijua, au ulijifunza, kwamba dereva akitaka kuona ataona! Kila ulipopita lori salama nilikuwa nasikia ile sentensi yako ya hospitalini, na nilitamani kukupiga na kandambili kisogoni. Sikukupiga. Nilikuwa namshikia Mwadi kiatu chake.

Kisha ukaugua, na usukani ukanijia mimi.

Nilidhani kwamba aliyejua ile ya chini ameijua na hii. La. Wiki ya kwanza nilipanda ukingo wa njia mara tatu kwa gurudumu la nyuma, kwa sababu katika ile ya viti saba dereva amekaa juu ya magurudumu ya mbele; ukigeuka pale ulipozoea kugeuka, nyuma inakata kona. Unapaswa kupita kona kwanza, uhisi umechelewa, ndipo ugeuke. Pua huioni. Inaishia chini ya kioo, na unapoegesha unakisia kama kipofu anayetafuta ukuta. Ikijaa watu, breki inaomba kwanza ifikiriwe, na kwenye kilima lazima ushushe gia mapema kabla hujadhalilika. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, inayumba. Na haina udhuru: gari la watu watano unaweza kumwambia shemeji limejaa, lakini la viti saba kila mwenye msiba anajua kuna nafasi. Nimebeba majeneza madogo, masufuria ya komunio, kwaya nzima ya akina mama. Ila nimeipenda. Ile ya chini ilikuwa inanifuata mimi. Hii ilinilazimisha kufikiri kabla. Haina haraka ya kunikopesha.

Nilikuwa nakupeleka hospitali ndani yake, viti vya nyuma vimekunjwa, umelala kwenye godoro la Mwadi. Katika ile ya chini mgonjwa angeketi amekunjamana kama nguo kwenye beseni. Hapa ulilala umenyooka, na kwenye kioo nilikuona uso wako wote. Miezi minne, Papa Mwadi. Mara mbili kwa wiki, mimi na wewe peke yetu, dakika arobaini kwenda, dakika arobaini kurudi. Uliniambia niende pole. Uliniambia fundi yupi asiguse gia. Siku moja ulisema, "Unaendesha muzuri kunipita," nikashika usukani kwa mikono yote miwili nikingoja, maana niliona midomo yako bado inasogea. Ukaomba maji.

Nilisimamisha gari nikakupa maji. Nilikufuta kidevu. Ndiyo, siku ile nilikupenda, na kwa hilo pia nina hasira.

Sasa nikueleze ya Jumamosi iliyopita, kwa sababu ndiyo yaliyoniketisha kuandika. Mtoto wa kiume wa mdogo wako alikuwa anapelekewa mahari kwa wakwe zake Likasi, na familia ikahitaji gari. Udhuru sina, nimeshakuambia. Yaya Yumba alikuja na wamama watatu na masufuria yao. Koti lako nililiondoa siku ya mazishi, kwa hiyo kiti cha kushoto kilikuwa wazi, na kwa heshima nikamfungulia yeye. Akakataa, akasema macho yake yamezeeka. Akamsukuma Mwadi mbele, akapanda safu ya pili nyuma yake, na kabla mlango haujafungwa akasema, kwa sauti ya watu wote:

"Mwadi, leo weye njo macho ya mama yako. Lakini chunga mudomo. Mu hii familia mudomo iliisha kuvunja muguu."

Wale wamama wakaguna. Mwadi akafunga mkanda. Mtoto huyu hajawahi kunilaumu hata siku moja. Lakini tangu utoto wake hakuwahi kukubali kuketi ku gauche katika gari lolote. Alikuwa radhi kubanwa nyuma na mifuko ya makaa. Siku ile alikaa kwa sababu shangazi yake amesema, na magoti yake yalikuwa yamebanana.

Baada ya kupita Lwambo tukakuta lori la vyuma, limejaa mpaka limeinama, linatambaa. Niliacha nafasi. Nikamwuliza, "Unaona nini, mama?" Mwadi hakujibu. Nikamtazama: amefunga mdomo kama mtu anayezuia kutapika, macho ameyaangusha magotini. Nikaelewa kwamba hatasema "pita" wala "ngoya," hata tukifika Likasi Jumatatu. Basi nikakaa nyuma ya lori. Tulikwenda hivyo kilomita baada ya kilomita, mwendo wa baiskeli. Tukapita vichuguu, tukapita mifuko ya makaa iliyopangwa kando ya njia, pikipiki zikatupita zikicheka.

Yaya Yumba alivumilia mpaka akashindwa.

"Tunatembea na miguu ao tuko mu motokari? Batakula bukari yote!"

Nikasema, "Tutafika, Yaya."

Akashusha kioo, akatoa kichwa na kitambaa chake cha njano, akachungulia. "Njia iko wazi! Pita, Mama Mwadi! Minaona, iko bule kabisa. Pita!"

Na wale wamama nao, "Pita, pita!"

Barabara mbele yetu ilikuwa inaanza kupinda kuume. Sikukanyaga. Nilingoja lori lijikunje na ile kona, nikatazama ubavuni mwake, na pale nyuma ya mwinuko nikayaona malori mawili meupe, ya tangi, yamefuatana, yanashuka kwa kasi. Yakapita na honi zake. Upepo wake ukaipiga ile ya viti saba ubavuni, ikayumba, masufuria yakagongana nyuma kama kengele za Pasaka. Yaya Yumba alirudisha kichwa ndani. Kutoka pale juu walikokaa, wote wanne waliyaona matangi yale vizuri kuliko mimi.

Kisha Mwadi, ambaye humwita shangazi yake Tantine, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama. Tantine alisema pita."

"Alisema."

"Na haukupita."

"Sikupita."

"Juu ya nini haukupita?"

"Sababu usukani iko mu mikono yangu. Bantu banaweza kusema pita mara mia. Mudomo haikanyage mafuta, Mwadi. Muguu yangu njo inakanyaga."

Akafikiri. Mtoto wako ana kufikiri kwako, anakunja paji la uso. "Basi, papa..." akasema, na hakumaliza.

Nilikuwa nimelikalia neno hili miaka kumi na miwili kama kuku anayelalia jiwe. Nikalitoa. Nikamwambia, shangazi yake akisikia, kwamba siku ile sikusema kitu. Kwamba nilikuwa nimegeuka nyuma nampa yai. Sikupamba, sikulia. Nilikuwa naangalia lori.

"Minakumbuka uso yako," Mwadi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeokota kitu sakafuni. "Mbele ya kishindo kufika. Minaikumbukaka kila siku. Ulikuwa unaniangalia miye, unacheka." Akageuka akanitazama. "Ulikuwa unaniangalia miye, mama. Njia, haukukuwa unaiangalia. Ungesema pita namna gani?"

Umesikia, Papa Mwadi? Mtoto aliyekaa chini kabisa, asiyeona barabara, ndiye aliyekuwa shahidi. Alikuwa na uso wangu kichwani mwake miaka yote, na uongo wako ulimzuia kuuelewa.

Yaya Yumba alijifunika mdomo kwa upindo wa kitenge mpaka Likasi. Sherehe ilikwenda vizuri, walitungoja, bukari ilibaki. Wakati wa kurudi Mwadi aliketi kushoto bila kuambiwa na hakuniambia neno. Sikusikia neno Jumapili, wala Jumatatu, wala Jumanne. Nilidhani akijua ukweli atanikumbatia. Anapika, anafua, anakwenda shule, ananipita ukumbini kama nguzo.

Jumatano jioni Yaya Yumba akaja, peke yake, kwa miguu, na unajua magoti yake. Alikuwa amesikia kwamba nimeanza kuandika barua hii. Hakukaa hata kidogo kabla ya kuanza kunisihi mimi wifi yake.

"Mulamu, minakuomba. Usimusome ndugu yangu mbele ya bantu. Amekufa. Hawezi kujibu."

Nikamwambia mimi nilikuwa hai na sikuweza kujibu. Akalia. Si mtu mbaya, dada yako. Aliamini mdomo wa mdogo wake, na nani asiyemwamini mdogo wake? Akaniambia niwaze jina la nyumba, niwaze Mwadi anayekaribia kuolewa, kwamba lililovunda halina ubani na bora lizikwe na mwenyewe. Kwa muda, kweli nakuambia, nilitaka kukubali. Nimezoea kunyamaza, ni kama nguo ya nyumbani, naivaa bila kuwasha taa.

Mwadi alikuwa mlangoni pa jiko. Alikuwa amevaa kiatu kimoja tu, kile cha soli nene cha mguu mfupi, na mkononi ameshika kile kingine.

"Tantine," akasema, "tangu niko mutoto, minamusamehekaka mama. Kila siku. Asubui nikivaa hii kiatu, minasema: Mungu, minamusamehe mama. Ku masomo banacheka, minamusamehe. Ku danse ya bana ya kanisa, minabaki ku kiti, minamusamehe. Hakuna mwenye aliniomba. Miye mwenyewe nilijipatia hiyo kazi. Na ilikuwa bule. Mama hakukuwa na kosa."

Nilisimama, nikamsogelea. Akainua mkono wenye kiatu, kunizuia.

"Na weye, mama, uliniacha nifanye ile kazi."

Hasira yake kwangu ni ya haki, nitaibeba, na sitaiweka kwenye kiti cha mtu mwingine. Lakini wewe, Papa Mwadi! Ulimpa mtoto wa miaka mitano kazi ya kusamehe, kazi inayowashinda maaskofu. Akaifanya kila asubuhi kwa uaminifu, akimfanyia mtu asiyehitaji kufanyiwa, wakati mwenye kosa alikuwa mezani anapaka mkate siagi. Mguu wake nakusamehe, kila dereva anaweza kukosea. Hilo la pili, sijui lipelekwe kwa nani.

Yaya Yumba akajifuta uso. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mama yangu, sasa samehe baba yako. Anakungoya kule."

Mwadi akakaa kwenye kiti cha jikoni, akavaa kile kiatu cha pili, akafunga kamba zake polepole.

"Imeisha, Tantine," akasema. "Yote nilikuwa nayo, nilimalizia kwa mama."

Mkeo,
Mama Mwadi